Debe Lenye Kitambi

Wachumaji wa buni walimwita Sindano, kwa jinsi vidole vyake vilivyopenya matawini bila kuangusha jani. Jina zuri, ila katika misimu kumi na mmoja halikumwongezea hata senti. Shamba lilikuwa na sheria moja: asiyefikisha madebe sita kwa siku, asirudi. Siku mbili mfululizo Sindano alikuwa amekomea matano na kitu. Nyapara, kwa huruma zake, akamwongezea siku ya tatu.

"Wifi, huo ni uzee," alisema mke wa kaka yake kutoka mstari wa pili. "Kubali yaishe, ukalee wajukuu."

"Niwalee kwa kitu gani, wifi? Kwa hadithi?"

Jioni ya siku hiyo ya tatu aliburuta magunia yake hadi penye kupimia. Nyapara alijaza debe la kwanza, akalitikisa, akashindilia kwa kiganja, kisha akaongeza kichuguu juu. Wachumaji wote walitazama kichuguu. Sindano alitazama chini. Debe lilikuwa linayumba juu ya saruji kama mtu anayetoka kilabuni. Marehemu mumewe alikuwa fundi bati, na katika miaka ishirini ya ndoa alimwachia elimu moja isiyo na cheti: debe la kuuzia hugongwa tako likaingia ndani, la kununulia hugongwa likatoka nje, limeze zaidi.

"Bwana nyapara, debe lako limeota kitambi."

"Hilo debe la shamba, mama. Halikuhusu."

"Mgongo unaolijaza ndio unaonihusu."

Akalimwaga, akalipindua, akaokota jiwe. Kwa mapigo manne tako likanyooka. Foleni nzima ikacheka, halafu ikanyamaza ghafla, kila mtu akikumbuka misimu yake. Kile kicheko nyapara alikivumilia. Ukimya ndio uliomtoa jasho.

Wakapima upya. Madebe sita, na konzi mbili za ziada. Nyapara alitazama kilima kilivyowiva chekundu, akatazama mawingu, akatafuta kichwani ni nani mwingine wa kukichuma kabla ya mvua. Akaandika sita.

Asubuhi iliyofuata alimpangia mstari wa mteremkoni, ambako hata mbuzi hufikiri mara mbili.

"Leo ukishindwa, usisingizie debe."

"Sitashindwa," alisema Sindano. Akajifunga kikapu kiunoni, akaanzia juu kabisa.