Saa Niliyomrekebishia Mama

Kila Ijumaa, muadhini wa kijijini kwetu Lobule akianza adhana ya adhuhuri, Mama huvaa miwani, akachukua simu yake na kuipanga saa kwa dole gumba, polepole. Kwake adhana ikilia ni saa saba kamili, basi.

Nilipotoka Arua kwenda kumjulia hali, niliona saa yake iko nyuma dakika saba. Mimi mjuaji wa mjini nikamcheka.

"Mwanangu, wacha saa yangu," alisema. "Iko natembea mzuri."

Sikuiacha. Nilifungua mipangilio, nikairuhusu simu ijipangie saa yenyewe kwa kufuata mtandao. Sasa, kila mtu wa Lobule anajua kwamba Kongo iko hapo tu, ng'ambo ya mpaka, na saa ya Kongo iko nyuma ya yetu kwa saa nzima. Simu ikidaka mnara wa kule, inafuata saa ya kule. Ndiyo maana watu wa kwetu huizima sehemu hiyo siku wanayonunua simu. Nimezaliwa pale, nikasahau.

Siku tatu baadaye mdogo wake Mama alifariki huko Manibe. Wawili hawa walinyonya ziwa moja. Gari la ndugu lingeondoka mjini Koboko saa nne asubuhi, na maziko yalikuwa baada ya adhuhuri. Mvua ilinyesha tangu alfajiri, hakuna jua la kumwambia mtu kitu. Saa nne ilifika bila Mama. Dereva akampigia, nami nikapiga kutoka Manibe: hapatikani. Gari likaja bila yeye.

Kabla jeneza halijainuliwa, mjomba alinivuta pembeni.

"Dada ya marehemu iko wapi? Tungoje?"

Nilikuwa nimechoka na nimekasirika. Nikamwambia, "Tuendelee tu, mjomba. Labda ameshindwa kuja."

Mama alifika saa nane na nusu kwa teksi iliyokuwa imechelewa kujaa, viatu vyote matope. Kaburi lilikuwa limekwisha fukiwa. Hakulia kwa sauti. Aliuliza kama walimfunika vizuri, akaketi mkekani na wenzake.

Nilimuuliza alitoka nyumbani saa ngapi.

"Saa mbili na nusu. Simu ilikuwa kwa mkono. Mtu wa bodaboda nasema nimechelewa, mimi nikafikiri iko nadanganya."

Hapo ndipo nilipoelewa: simu ilikuwa imedaka mnara wa Kongo, ndiyo maana hata hakupatikana, na saa mbili na nusu yake ilikuwa saa tatu na nusu yetu. Niliiomba simu. Ilikuwa imekwisha kurudi kwenye saa yetu, safi kabisa, kama haijui lolote. Nikaingia kwenye mipangilio na kuizima ile sehemu.

"Iko haribika?" akauliza.

"Hapana, Mama. Naangalia chaji."

"Simu iko mzuri, wewe ulitengeneza. Ni mimi nimekuwa muzee, miguu naenda polepole." Akanishika mkono. Yeye ndiye wa kunifariji mimi!

Nilipaswa kusema pale pale. Nilijiambia nitasema baada ya hitima, na hitima ikapita. Ni woga tu, sina jina lingine.

Siku hizi, akija kunitembelea Arua, Mama hufika kituoni Koboko saa nzima kabla ya gari. Madereva wanamtania. Huketi kwenye benchi, simu mkononi, na kuwaambia kwamba siku moja alichelewa kwa uzembe wake.