Bamba Alilolifunga Zamoyoni Siku ya Matanga

Mimi ni fundi cherehani, na kwa miaka kumi na moja nilipakana ukuta na mhunzi. Anayetaka kujua subira ni nini, ashone kanzu nyeupe jirani na mvukuto. Kila wiki nilimpigia Zamoyoni kelele kwa sababu ya masizi, na kila wiki alinijibu, "Sabiti ndugu yangu, hamia Tabora, huko hawapiki hata chai." Alikuwa mtu wa utani, tena mwenye sauti kubwa, na duka lake pale Shinyanga halikukosa watu waliokuja kucheka tu. Nalisema hili mapema, maana baadaye hutamwona akicheka.

Mwaka wa thelathini na tano kila treni ilikuwa ikiteremsha watu waliokuja kutafuta dhahabu upande wa Geita. Mmoja wao alikuwa Mzungu mwenye pikipiki yenye kiti cha pembeni. Tulimwita Bwana Mawe, kwa kuwa mifuko yake haikukosa mawe. Akamwajiri Abdu, mtoto wa pekee wa Zamoyoni na mkewe Mwahija, akae kwenye kile kiti na kumsemea njiani, maana Abdu alijua Kisukuma na Kisumbwa, na watu walimpenda.

Njia zenyewe zilikuwa mapito ya ng'ombe, zimejaa visiki. Tumbo la injini ya pikipiki lilining'inia chini, na Bwana Mawe akataka chuma cha kulikinga. Zamoyoni akamwekea vyuma viwili chini. Kimoja kilikuwa bamba lililokatwa ubavuni mwa behewa bovu la reli, nene na gumu. Cha pili kilikuwa bati la paa. Bwana Mawe akaliinua bamba, akalirudisha.

"Zito," akasema. "Kwenye mchanga nitakwama. Weka bati."

"Bati litakunjika, bwana."

"Weka bati."

Akaweka bati. Sikushangaa. Mimi mwenyewe nimeshona mikono mifupi nikijua inatakiwa mirefu, kwa sababu mwenye kitambaa amesema hivyo. Ndivyo tulivyofundishwa ufundi: mteja akishakataa mara moja, hurudii. Nilikuwepo, nilisikia kila neno, na mimi pia nilinyamaza.

Wiki tatu baadaye Bwana Mawe alirudi peke yake, mkono umefungwa kitambaa. Karibu na Bugarama walikuwa wamekanyaga kisiki. Bati lilikunjika kurudi nyuma, likaingia kwenye gurudumu na kulikaba. Pikipiki ikapinduka na Abdu akawa chini yake. Waislamu wa kule walimzika siku ileile. Injini ilikuwa nzima kabisa, na Bwana Mawe alikuja akiiendesha mpaka mlangoni petu.

Zamoyoni alimsikiliza akiwa ameshika koleo. Akasema, "Haya." Akaliweka koleo mahali pake, akazima moto wake, akazoa majivu, akafunga mlango. Hakulia. Watu walipompa pole alijibu, "Nimeshapoa," kama mtu aliyejikwaa kidole. Tulikaa matanga bila maiti na bila kaburi. Wanawake walikuwa ndani na Mwahija, sisi barazani, na nilimtazama rafiki yangu akila alichopewa, akinywa alichopewa. Niliogopa, nasema kweli. Heri angepiga mtu.

Siku ya pili ya matanga akaja Mageni, Msukuma wa shamba la jirani. Alikuwa amembeba mgongoni mtoto mdogo, na Esta, binti yake mkubwa, alimfuata nyuma. Akapiga magoti mbele ya Zamoyoni.

"Pole, Baba Abdu."

"Nimeshapoa, Mama Esta."

"Kesho asubuhi Jilala anaondoka na yule Mzungu." Jilala alikuwa mumewe. "Anakwenda kukaa pale alipokaa mwanao. Nimemkataza, hasikii. Na ile pikipiki chini iko wazi kabisa, hata lile bati limetolewa."

Kila mtu alijua alichokuwa akiomba, na kila mtu alijua kuwa hakifai. Nyumba yenye matanga haifanyi kazi, na mhunzi ndiye wa mwisho, maana kazi yake inasikika mtaa mzima. Mzee mmoja akamwambia Mageni kwa upole asubiri khitma ipite.

"Kesho asubuhi," Mageni akasema tena.

Zamoyoni akainuka, akavaa viatu, akaenda kuwasha moto.

Nilimfuata kwa hasira. Nikamwambia watu watamsema, na kwamba Mwahija yuko ndani anasikia. Akaanza kupanga makaa. Basi nikavuta mvukuto, kwa sababu mtu mmoja hawezi kuvuta na kufua. Kanzu niliyovaa ilikuwa mpya.

Alilitoa lile bamba la behewa. Akalipasha moto, akalipinda mdomo wa mbele juu ya fuawe ili likikutana na kisiki lipande juu yake lisikwame. Akaenda kuipima pikipiki kwa kamba, akiwa amelala chali chini yake, pale pale bati lilipokuwa limekaba gurudumu. Akatoboa matundu kwa keekee: moja la kumwagia mafuta, mengine ya kutoa tope la mbuga. Akaacha nafasi ya vidole viwili kati ya bamba na injini. Akalibana kwenye fremu kwa vibano vinne. Uso wake haukuonyesha kitu. Ungedhani anatengeneza bawaba ya mlango wa kuku.

Bwana Mawe akaja, akaliinua gurudumu la mbele kupima uzito.

"Zito mno hili. Nilikwambia. Nitalitoa nikifika mchangani."

Zamoyoni hakubishana. Alingoja mpaka Mzungu akaondoka, akachukua nyundo ndogo, akarudi chini ya pikipiki. Akagonga ncha ya kila bolti mpaka ikavimba juu ya nati. Bolti nane. Hakuna spana ambayo ingezifungua tena. Kila pigo lilisikika mpaka chumba walichokuwa wamekaa wanawake.

Mwahija hakusema naye tangu jioni ile. Alimpikia, alimfulia, akamtengea maji ya kuoga, lakini neno hakumpa. Mume aliyefua chuma kwenye matanga ya mwanawe angemwambia nini? Nilijaribu kuwasuluhisha, nikafukuzwa na wote wawili kwa adabu. Zamoyoni akaendelea kutengeneza majembe. Nilitamani masizi yake yanipe sababu ya kumpigia kelele, nikashindwa hata kufungua mdomo.

Siku arobaini zilipita, na nyingine kumi. Ndipo pikipiki ikarudi. Jilala alishuka kwa miguu yake mwenyewe, mwekundu kwa vumbi, akamwita Zamoyoni aje atazame. Chini ya injini bamba lilikuwa limebonyea shimo la kuenea ngumi.

"Ng'ambo ya Bugarama," Jilala akasema. "Kisiki. Tukaruka, tukashuka, tukaendelea."

Mageni alikuja mbio kutoka sokoni. Alimshika Zamoyoni mikono yote miwili, akawa anarudia, "Wabeja, wabeja sana," asante kwa lugha yao, huku akilia. Zamoyoni akamwachia mikono, akasimama tu.

Mwahija alikuwa ametoka mlangoni. Akapita katikati ya watu, akachuchumaa, akaingiza mkono chini ya pikipiki. Alilipapasa lile shimo kwa muda mrefu. Kisha akazungumza na mumewe, mara ya kwanza tangu siku ya nyundo.

"Chuma hiki ulikipata wapi?"

"Kilikuwepo dukani."

"Siku zote?"

"Siku zote."

"Mbona hukumwekea mwanangu?"

Sikuhisi hasira katika sauti yake. Alikuwa anataka kujua tu. Zamoyoni akajifuta mikono kwenye shuka.

"Mara ile nilimuuliza mwenye pikipiki," akasema. "Hili sikumuuliza mtu."