Bomu la Atomiki Dukani Igamba

Hili sikusimuliwa, nililiona kwa macho yangu kwenye duka la pembejeo Igamba. Mkulima mmoja aligonga kaunta akitaka sumu ya kupaka viazi vitamu, awamalize nguruwe wa jirani wanaofukua shamba lake.

“Wamarekani waliipiga Japani bomu la atomiki, vita vikaisha,” alisema. “Bila lile wangekufa wengi zaidi.”

Nikamjibu papo hapo: “Mzee, lile bomu liliwaruka watoto? Na hivyo viazi, watoto wa jirani wataviruka?”

Alikuna kidevu, akanunua waya wa uzio.

Wakubwa wa dunia, kabla ya kurusha mabomu yao, wangeniuliza mimi kwanza. Ila nikiri, nimetunga kitu kimoja: jibu lile lilikuwa la dada muuzaji. Mimi nilikuwa nimeshamwambia mkulima, “Kweli kabisa, wapige.”