Kompyuta Aliyoiunda Kaka

Kaka yangu ni fundi friji, na mtaa mzima unamwita Pimapima. Hafungui kifaa kabla hajakipima, na akishakifunga anakipima tena, mteja amesimama mlangoni anahema. Mimi ni mdogo wake, nakaa chumba cha nyuma ya karakana yake, kwa hiyo hakuna wa kunihadithia habari zake.

Mkewe alipomwacha, alihamia nchi nyingine na binti yao wa miaka kumi na mmoja. Baba na mtoto wakabaki kuongea kwa simu kila Jumapili. Shule vipi? Nzuri. Umekula? Ndiyo. Halafu kimya, kila mmoja anasikiliza mwenzake anavyopumua. Mtoto ndiye aliyekuja na wazo.

"Baba, tafuta kompyuta ya kuchezea gemu. Jumamosi tutakuwa tunajenga mji pamoja, huku tunapiga stori. Kwenye simu naishiwa maneno."

Kaka alifurahi hadi akasahau kula. Muuza kompyuta alimwonyesha mashine iliyo tayari, ya kuchomeka tu na kucheza. Kaka akaigusa ubavuni, akasema inachemka. Yake angeiunda mwenyewe, kipande kwa kipande.

"Haraka ya nini?" aliniambia. "Nataka nikiwa na mwanangu isinizimikie."

Nilimwelewa, na bado aliniudhi. Miezi mitatu iliisha kwenye feni za kuipoza peke yake. Alizipanga mezani, akawa anaziwasha moja moja, kipimajoto mkononi, utadhani anahudumia wagonjwa. Alichagua kadi ya picha, ile inayochora mchezo kwenye skrini, akaambiwa mwezi ujao inatoka nyingine bora, akaingoja. Ilipotoka, akasikia kuna ya tatu. Akanunua ule ubao unaoshikilia vipande vyote, na prosesa, ubongo wa mashine, ilipofika ikakataa kukaa kwenye tundu lake.

"Mzee, hawa hawaoani," muuza kompyuta alimwambia, anacheka.

Kaka hakucheka. Alirudi akaanza upya, na safari hii akawa mwoga hata wa kuchagua waya.

Kila Jumapili binti aliuliza, "Baba, bado?"

"Bado kidogo, mama."

Siku moja nilimpelekea chai, nikamtania, "Chelewa chelewa, utamkuta mwana si wako." Alinitazama, akaweka bisibisi chini. Mpaka leo natamani ningeumeza ulimi wangu.

Mwaka wa pili ukielekea kwisha, mashine iliwaka. Nakiri ilikuwa nzuri: haina kelele, ubavu wake baridi, picha zinateleza bila kukwama. Kaka alivaa shati lililopigwa pasi, kana kwamba ataonekana, akapiga simu na kuiweka sauti kubwa ili na mimi nisikie.

"Hongera, Baba," binti alisema. Sauti yake ilikuwa imekua. "Ila ule mchezo niliacha. Wenzangu walihama wote, nikabaki nakungoja peke yangu. Nikachoka."

"Hamna neno, mama. Umekula?"

"Ndiyo."

Jumamosi mchana Kaka aliingia peke yake kwenye mji wa ule mchezo, kwa jina ambalo binti alikuwa amemfungulia zamani. Nilisimama nyuma ya kiti chake. Mitaa ilikuwa mitupu. Tulipita nyumba baada ya nyumba mpaka ukingoni, tukakuta chumba kimoja kidogo. Ndani yake friji nyeupe kumi na mbili zilikuwa zimepangwa ukutani, na katikati meza ya fundi. Mtoto alikuwa amemjengea baba yake karakana. Mlangoni ametundika kibao: "Baba, ukifika kabla yangu, nisubiri hapa."

Kaka alikisoma mara mbili. Kisha akamsimamisha yule mtu wake wa kwenye skrini mbele ya kibao, akaondoa vidole, akaegemea kiti. Dakika zikapita. Mimi nililia, wala sikujificha.

"Kaka, zima basi," nikamwambia. "Mwenyewe amekwambia hachezi tena."

"Najua." Hakugeuka. "Yeye alinisubiri karibu miaka miwili. Mimi hata saa moja sijamaliza."