Kitu Kisicho na Jioni

Mimi ni mutu wa tomate, nyanya. Niliziuza hapa Goma tangu binti yangu akiwa bado mugongoni, na yote ninayojua kuhusu bei, tomate ndizo zilinifundisha. Asubuhi tomate ni bibi harusi. Saa sita ni mama wa watoto wengi. Jioni ni mimi. Kwa hiyo jioni napunguza, na wateja wanajua. Wanazungukazunguka na vikapu vyao wakingoja jua lichoke.

Binti yule alikufa, akaniachia watoto wawili. Mukubwa, kijana wa kutengeneza simu kwenye kona yetu, siku moja alinionyesha kadi ndogo kama ukucha wa kidole gumba. Akasema mule ndani kuna mchezo, unaiweka katika mashini ndogo ya michezo, unacheza. Pesa yake ya miezi mingi iliingia katika ukucha ule. Nikamuambia ni mujinga, angengoja kitu kizeeke, bei ingeanguka yenyewe. Alicheka mpaka akashika ukuta. Mchezo ulikuwa umeshazeeka, ulitoka akiwa shuleni. Aliungoja miaka, bei haikusogea.

"Koko," akaniambia mimi bibi yake, "hii haina jioni."

Kisha vita ikaingia mujini, maji ya bomba ikakatika. Asubuhi moja masasi ya bunduki iliponyamaza kidogo, alichukua bidon ya kuchotea maji akaenda ziwani na vijana wa jirani. Bidon ilirudi imejaa, jirani alinibebea. Yeye hakurudi. Kila mutu alikuwa na maneno yake: alikamatwa, alikimbia, alivuka mpaka wa nchi. Nilimutafuta hospitalini, nikatembea mpaka Mugunga, pembeni ya muji, sikuona hata kiatu. Lakini sikuweka matanga na sitaweka. Mutu asiye na kaburi ni musafiri.

Baada ya hapo muji muzima ukawa soko ya jioni. Benki zilifunga, barabara inayoleta tomate ilifungwa, watu wakatoa vitanda vyao nje kuuza. Niliuza radio, kabati, kitanda chake, hata mashini yake ya michezo, kioo kimepasuka. Vyote kwa bei ya kutupa. Kadi niliifunga katika pindo la kitenge changu. Akirudi, akute kitu kimoja chake.

Halafu dada yake mudogo akaanza kulala mchana ili asisikie njaa.

Nikaenda kwenye duka ya michezo. Kijana mwenye duka aliigeuza kadi mara mbili. "Unataka ngapi, mama?"

Kwetu sokoni, ukiwa hutaki kuuza na huwezi kukataa, unataja bei ya wazimu. Mununuzi anakutukana kidogo, anaenda zake, heshima yako inabaki. Nikataja bei ya mpya, ile yote aliyolipa mujukuu wangu. Mukono nilishaunyoosha anirudishie kadi.

"Sawa," akasema, akafungua droo.

Nikamuuliza kama ana akili timamu. Akanieleza bila haraka kwamba wenye kuitengeneza hawapunguzi. Wakipunguza leo, aliyenunua jana ataona amechezewa, na wa kesho atajifunza kungoja. Tena haiozi. Watoto wanazaliwa kila siku, na kila mutoto anaikuta mpya. Basi hata iliyotumika inashika bei yake, na sasa mpya hazifiki tena Goma. Yeye ataongeza kidogo juu yake. Nikawafikiria wateja wangu wa jioni. Nani aliwafundisha kungoja kama si mimi?

Bei nimetaja, imekubaliwa. Mwanamuke wa soko akirudisha neno lake hapo, afadhali auze hata kitambaa chake cha kichwa, heshima hana tena. Nikamuachia kadi. Tulipika foufou ya muhogo na maharagwe yenye mafuta, mutoto akalamba sahani. Yangu pia nilimusogezea.

Siku hizi tomate zinapita tena, kidogokidogo. Nikitoka sokoni napita kwenye duka ile. Kadi ingali nyuma ya kioo na karatasi yake ya bei, na hakuna mutu hapa mwenye nguvu ya kuilipa. Juzi kijana alinikuta nimesimama. Akaniuliza kwa utani kama nimekuja kungojea jioni, anipunguzie.

"Usiguse ile bei," nikamuambia. "Iache palepale. Mwenyewe hajarudi."