Sahani Kubwa ya Mama Dancille

Yuma alikuwa fundi wa mabomba katika idara ya maji ya serikali, mjane, na watoto wake wote walihamia Kindu. Nyumbani kwake Mabanga, mjini Goma, alikula akiwa amesimama karibu na jiko, kwa sababu kuketi mezani peke yake kulimuuma. Mlo wake wa kweli ulikuwa wa mchana, mtaani Ndosho, kwenye kibanda cha Mama Dancille. Hapo yeye na mafundi wenzake watatu, Kambere, Habarurema na Akonkwa, walichanga pesa wakanunua bugali na sambaza, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu, wakala kwenye sahani moja kubwa ya bati. Yuma alilalamika kila siku kwamba Kambere anamaliza sambaza wakubwa, na kila siku alirudi.

Walichanga kwa sababu mshahara haukutosha. Pesa ya usafiri ilikuwa imekatwa, sendika, chama cha wafanyakazi, ikagomba, mazungumzo yakavunjika, na mgogoro ukapelekwa kwa mwamuzi ambaye pande zote mbili zilikubali kumfuata. Mafundi walimchagua Yuma awe delege wao, awasemee mbele ya mwamuzi. Nani mwingine? Kwa ukaidi hakuwa na mpinzani.

Mwamuzi aliweka sharti moja: yanayosemwa chumbani yasitoke nje mpaka uamuzi utolewe. Yuma aliapa, na kiapo kwake hakikuwa mchezo.

Lakini Goma ni Goma. Delege akitoka mkutanoni husimulia yote, mpaka rangi ya tai ya mkurugenzi. Akinyamaza, watu wanajua la kufikiri. Kila alipofika kibandani walimuuliza, naye akawaambia wavumilie. Wiki zikapita, vicheko vikapungua, mikono yao ikaanza kukwepa mkono wake sahanini.

Siku moja Mama Dancille alimwekea sahani ndogo pembeni, bila kumtazama.

“Papa Yuma, banasema ukule yako peke. Banasema bakubwa ba kazi balikwisha kukulisha.”

Yuma alikula. Angeweza kuwaambia kwamba mwamuzi anaelekea upande wao, na yote yangekwisha hapo hapo. Aliwakasirikia sana, tena alikuwa na hamu nao, ingawa walikaa karibu kiasi cha kuwasikia wakitafuna. Akajipa moyo: uamuzi ukitoka, atarudi kwenye sahani kubwa.

Uamuzi ukatoka. Pesa ya usafiri ilirudishwa na kuingizwa ndani ya mshahara wa kila mfanyakazi, pamoja na malimbikizo. Kambere alimshika mikono yote miwili, akamwomba msamaha mbele ya wote. Yuma alimsamehe haraka mno, maana alikuwa na njaa ya kelele zao.

Siku mishahara mipya ilipolipwa, aliwahi kibandani, akanawa mikono, akakaa katikati ya benchi. Wenzake wakaja wakicheka, wakambana huku na huku. Kambere akaagiza kuku. Habarurema akataka samaki wa Vitshumbi, mzima. Akonkwa akaomba wali na nyama ya mbuzi. Mama Dancille akaleta sahani ndogo, moja moja, na kila mmoja akainamia yake.

“Na weye, Papa Yuma, unakula nini? Leo kila mutu ana ya kwake.”

Yuma akaitazama sahani kubwa ya bati. Ilikuwa imefunika ndoo ya maji.

“Bugali na sambaza,” akasema.

Akaletewa. Alikula polepole, na sambaza wakubwa wakabaki hadi mwisho, bila mtu wa kuwagusa.