Spika Iliyolia Bila Kusikika

Wanaomjua Akello wa mtaa wa Manyatta, Kisumu, tangu utotoni husema hakuwa mtoto wa kutulia muziki ukipigwa. Redio ya jirani ikifunguliwa, mabega yake yalianza kazi kabla ya miguu. Alipokuwa kidato cha tatu, homa ya uti wa mgongo ikamlaza hospitalini. Alipopata fahamu, alimwona mama yake akifungua na kufunga kinywa kando ya kitanda. Akadhani mama ananong'ona. Ilimchukua muda kuelewa kwamba mama alikuwa akiongea kama kawaida, na kwamba masikio yake yeye ndiyo yaliyokuwa yamefunga mlango.

Maisha hayakusimama kumngoja. Alijifunza kushona, akajifunza lugha ya ishara, akajifunza kusoma midomo ya wateja wanaotaka sketi ipunguzwe kiuno. Sauti yake ilibaki, ingawa hakujua tena kama iko juu au chini. Kitu kimoja tu hakukirudia, nacho ni kucheza. Kwenye harusi alikaa upande wa wazee na sahani yake mapajani.

Miaka ikapita hivyo, mpaka kanisa la mtaani likamwomba awafundishe ushonaji wasichana watano viziwi, kila Jumamosi, katika ukumbi wake. Mkubwa wao aliitwa Ikhlas, msichana mwenye maswali. Siku moja aliweka mkasi chini akauliza kwa ishara: watu wanapocheza, wote wanajuaje wakati wa kugeuka? Wanafuata nini?

Akello alijaribu kujibu. Mikono yake ikapanda, ikashuka, ikakwama hewani. Kwa hiyo akaenda kwa Laila, rafiki yake anayeuza viatu vya mitumba, aliyekuwa na spika ndogo ya bluetooth ya kuitia wateja.

"Chukua kabisa," Laila alimwambia, akimtazama usoni ili midomo yake ionekane vizuri. "Mimi nishapata kubwa. Jumamosi nitakuja niwaonyeshe."

Jumamosi wasichana waliizunguka ile spika wakaigusa. Ilitetemeka kidogo, kama paka aliyeshiba. Nyuso hazikubadilika. Laila akafikiri, kisha akainama na kubonyeza vitufe viwili kwa pamoja, akavishikilia. Alikuwa ameliona jambo hilo kwenye video: besi ya siri, ambayo haikuandikwa popote kwenye karatasi ya maelezo. Huku ameinama aliongeza maneno mengine. Akello aliona shavu lake likisogea, lakini midomo hakuiona, na kabla hajauliza, sakafu ilimpiga nyayo.

Ngozi mbili za mpira kwenye ncha za spika zilikuwa zikiruka nje na ndani kama koo la chura. Mdundo ulipanda miguuni, ukafika kifuani. Akello alishika meza. Mabega yake yalianza yenyewe, na aliposhtuka alikuwa katikati ya ukumbi, wasichana watano wakimfuata, Ikhlas akicheka kwa mwili mzima.

Tangu siku hiyo kushona kulimalizwa mapema. Mchungaji alipopata habari aliwapa nafasi ya kucheza kwenye sherehe ya mavuno. Wakazidisha mazoezi. Spika iliwekwa wima sakafuni, ngozi moja ikiwa chini, ili mdundo uingie vizuri kwenye saruji. Sauti ilifunguliwa hadi mwisho, na besi ya siri haikuzimwa hata mara moja.

Laila alipita kuwatazama sherehe ikiwa imekaribia. Alisukuma mlango, akaziba masikio.

"Inalia hivi tangu lini?"

"Inalia vipi?" Akello aliuliza.

Laila alimtazama, akawatazama wasichana, ndipo akaelewa kwamba katika ukumbi ule hakukuwa na mtu wa kujibu. "Inakwaruza," alisema polepole. "Kama bati bovu kwenye upepo."

Alikimbia kuizima. Walipoiwasha tena kwa sauti ya kawaida ilitetemeka kidogo, ikatoa harufu ya waya ulioungua, ikafa. Ngozi ya chini ilikuwa imechanika ukingoni.

"Nilikwambia siku ile," Laila alisema. "Nilisema isitumiwe sana, itapasuka."

"Ulisema ukiwa umeinama."

Laila alifunika uso kwa mikono. Akello akaiondoa ile mikono, kwa sababu hakutaka rafiki yake aseme jambo jingine asilolisoma.

Walimpelekea Frankline, fundi wa spika pale Kibuye. Aliifungua, akamgeukia Akello. "Humu ndani kuna kitu kinachoizuia spika isijiumize. Ile besi ya siri inakiondoa. Hizi ngozi zinarushwa kupita kipimo chake, na koili, ule waya wa ndani, inapata moto. Mtu akisikia inakwaruza, anapunguza." Akasita. "Samahani, mama."

"Sema tu. Sikuisikia."

"Nitabadilisha koni pamoja na koili yake, nitaziba hapa palipochanika. Lakini kuanzia leo ni sauti ya kawaida, na ya kadiri. Ile nyingine usiiguse."

Akello aliwaeleza wasichana. Ikhlas alisikiliza mikono yake hadi mwisho, kisha akaenda kuchukua mkasi. Hilo lilimuumiza kuliko machozi.

Wiki hiyo alikwenda Port Victoria kumpelekea mjomba wake Nicodemus suruali za kazi. Nicodemus huunda mitumbwi ya uvuvi. Akello alikaa ndani ya mtumbwi ambao haujapakwa rangi, akingoja chai, na mara akahisi kitu kwenye mapaja: tok, tok, tok. Aligeuka. Kule mwisho kabisa, mjomba alikuwa akigongagonga msumari mdogo.

"Mjomba, acha nyundo. Gonga kwa kidole."

"Nyathina, mwanangu, umepatwa na nini?"

"Mwanao ni mzima. Gonga tu."

Akagonga kwa kidole. Akello akalihisi hilo pia.

Nicodemus alisikiliza habari yote, akakuna kidevu, akaanza kuchagua mbao zilizobaki. Alikuja Kisumu mwenyewe na lori la samaki, akawapigia jukwaa la chini, mbao zimebanana, ndani yake tupu kama ngoma.

Spika iliyotengenezwa ikalazwa juu yake. Sauti ya kawaida, nusu tu. Walivua viatu wakapanda. Haikuwa kama mwanzo, kifua hakikutikisika. Lakini kwenye nyayo mdundo ulikuwepo, na hatua ya kila msichana ilimfikia mwenzake kupitia ubao. Halafu Akello akahisi kitu chembamba katika vidole vya miguu, kikipanda na kushuka bila kufuata ngoma. Besi ya siri ilikuwa haijawahi kumletea hicho.

"Laila, hiki ni nini? Hapa, sasa hivi."

Laila alisikiliza, akaangalia miguu yake, na macho yakamjaa machozi. "Ni mwimbaji," alisema. "Ameanza kuimba."

Akello alisimama na mwimbaji yule chini ya nyayo mpaka wimbo ukaisha, akaomba urudiwe.

Sherehe ya mavuno ilifika. Laila alikaa kando ya jukwaa akiwa masikio yao, kidole gumba tayari kuonyesha juu au chini. Hakukihitaji. Wasichana waligeuka pamoja, wakasimama pamoja, na waumini wakapunga mikono hewani, maana walikuwa wamefundishwa mlangoni kwamba ndivyo viziwi wanavyopigiwa makofi.

Siku hizi wasichana wameongezeka, na ni Ikhlas anayewafundisha hatua za kwanza. Jukwaa limekuwa dogo. Akello amemtumia mjomba ujumbe, na Nicodemus amejibu kwamba mbao zake ni za mitumbwi, si za densi. Kisha akauliza wanataka upana gani.